Upana wa video ni upi? Historia ya yaliyomo ndani ya faili la .mov

Leo tuache kidogo mambo ya seva na hifadhidata, tuingie ndani ya faili la video. Nina maana ndani kabisa, baiti kwa baiti. Swali letu ni la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza: ukipewa faili la .mov au .mp4, utaandikaje programu ya kukuambia upana wa picha, kimo chake, muda wa video, na fremu ngapi zinapita kwa sekunde moja?

Swali ni jepesi, majibu ndiyo yenye matata. Faili moja laweza kukuambia upana ni 1440, kisha likakuambia ni 1920. Jingine litasema 1920 kila mahali, lakini ukilicheza unaona picha ya upana wa 1080. Na yote mawili hayajasema uongo. Kila sehemu ya faili iliwekwa na watu fulani, mwaka fulani, kwa haja waliyokuwa nayo wakati ule. Ukiijua historia hiyo unajua usome sehemu ipi. Usipoijua utachukua namba ya kwanza utakayokutana nayo, na video za watu zitalala ubavu.

Herufi nne, baiti nne

Tuanze kabla ya video. Januari 1984 Apple walitoa Macintosh. Ndani yake mlikuwa na prosesa ya Motorola 68000, ambayo huhifadhi namba kwa kutanguliza baiti kubwa, kama sisi tunavyoandika maelfu kabla ya mamia. Prosesa za Intel hufanya kinyume. Macintosh pia ilitambua aina ya kila faili kwa herufi nne, kama 'TEXT' au 'PICT'. Kwa nini nne? Herufi nne ni baiti nne, na baiti nne zinaenea sawasawa ndani ya namba moja ya biti 32. Kompyuta inazilinganisha kwa mpigo mmoja, na binadamu naye anaweza kuzisoma.

Mwaka wa 1985 Jerry Morrison wa kampuni ya Electronic Arts alitoa mpangilio wa mafaili ulioitwa IFF, uliotumiwa sana kwenye kompyuta za Amiga. Wazo lake lilikuwa rahisi: faili ni msururu wa visanduku. Kila kisanduku kina jina la herufi nne, urefu, kisha mzigo wenyewe. Programu ikikuta kisanduku isichokijua, inasoma urefu wake na kukiruka. Haifi, hailalamiki, inaendelea na safari. Wazo hilo utalikuta pia ndani ya AVI ya Microsoft, iliyotoka mwaka wa 1992, ila huko namba zimepangwa kwa mtindo wa Intel.

1991: sinema ndani ya dirisha

Mei 1991, kwenye mkutano wa Apple na waandishi wa programu, Bruce Leak aliyeongoza kazi ya QuickTime alionyesha tangazo maarufu la Apple la mwaka wa 1984 likicheza ndani ya dirisha la pikseli 320 kwa 240. Leo hiyo ni picha ndogo mno. Wakati ule video kwenye kompyuta ilidai vifaa maalumu vya bei ghali, na hii ilikuwa ikiendeshwa kwa programu peke yake. QuickTime 1.0 ilitoka Desemba mwaka huo huo.

Jambo la busara walilofanya ni kutofunga faili kwenye kodeki moja, yaani njia moja ya kubana picha. Walijua kodeki zitakuja na kupita. Faili likawa kasha tu, na ndani yake kuna mahali pa kutaja kodeki kwa herufi nne. Kodeki moja ya mwanzo iliitwa 'rpza', kifupi cha jina la utani lenye maana ya pizza ya barabarani. Pizza hiyo imekwisha kuliwa zamani. Siku hizi utakuta 'avc1' au 'hvc1' mahali pale pale, na kasha halijabadilika.

Visanduku vyao waliviita atomu, na wao walitanguliza urefu kabla ya jina. Atomu inaweza kubeba atomu nyingine ndani yake. Ile iitwayo 'mdat' ndiyo gunia la picha na sauti zenyewe. Ile iitwayo 'moov' ni daftari la maelezo. Ndani ya 'moov' kuna 'trak' moja kwa kila mkondo: mkondo wa picha una wake, mkondo wa sauti una wake. Utajua mkondo ni wa aina gani kwa kusoma atomu ya 'hdlr': ikisema 'vide' ni picha, ikisema 'soun' ni sauti.

Jaribu mwenyewe. Hii Python fupi itakuonyesha atomu za ngazi ya juu katika faili lolote la aina hii:

```
import os, struct

njia = 'harusi.mov'
jumla = os.path.getsize(njia)

with open(njia, 'rb') as f:
    mahali = 0
    while mahali + 8 <= jumla:
        f.seek(mahali)
        urefu, jina = struct.unpack('>I4s', f.read(8))
        if urefu == 1:
            urefu = struct.unpack('>Q', f.read(8))[0]
        elif urefu == 0:
            urefu = jumla - mahali
        if urefu < 8:
            break
        print(jina, urefu)
        mahali += urefu
```

Ile alama ya '>' inaiambia Python isome baiti kubwa kwanza. Kompyuta yako huenda ina prosesa ya Intel, simu yako ina nyingine kabisa, lakini faili bado linaongea lafudhi ya Motorola ya mwaka wa 1984. Urefu ukiwa 1, maana yake namba ya biti 32 haikutosha na urefu halisi uko kwenye baiti nane zinazofuata. Ukiwa 0, atomu inaendelea hadi mwisho wa faili.

Upana wa pikseli milioni 20

Sasa tufike kwenye upana. Ndani ya 'trak' kuna atomu iitwayo 'tkhd', kichwa cha mkondo. Katika toleo lake la kawaida ina baiti 92, na baiti nane za mwisho ni upana na kimo. Ukizisoma kama namba za kawaida kwa ile video ya 320 kwa 240, utaambiwa upana ni 20971520. Pikseli milioni 20!

Hakuna kilichoharibika. Motorola 68000 haikuwa na kifaa cha kukokotoa namba zenye desimali, na kuzikokotoa kwa programu kulikuwa kwa polepole. Kwa hiyo Macintosh ilitumia njia ya mkato: biti 16 za juu ni namba nzima, biti 16 za chini ni sehemu ya desimali. Ili kupata jibu unagawanya kwa 65536. Gawanya 20971520 kwa 65536, utapata 320 kamili.

Lakini kwa nini upana wa picha uwe na desimali hata kidogo? Kwa sababu upana wa 'tkhd' ni upana wa kuonyeshwa. Idadi ya pikseli zilizohifadhiwa imo ndani zaidi, kwenye atomu ya 'stsd', ambako upana na kimo vimeandikwa kama namba nzima za biti 16. Namba hizi mbili zinaweza kutofautiana kwa haki kabisa.

Mfano mzuri ni kamera za HDV, mfumo uliotangazwa mwaka wa 2003. Ili picha ya 1080 itoshe kwenye kanda ile ile ndogo ya DV, pikseli 1440 zilihifadhiwa kwa kila mstari badala ya 1920, na kila pikseli ikahesabiwa kuwa na upana wa 4 kwa kimo cha 3. Atomu ya 'pasp' ndiyo inayotaja uwiano huo. 1440 mara 4 gawanya kwa 3 ni 1920. Programu inayosoma 1440 na kuishia hapo itaonyesha bwana harusi na bibi harusi wamekondeana kama walifunga Ramadhani miezi sita.

Saa yenye vipande 600

Muda nao una historia yake. QuickTime haikuandika sekunde moja kwa moja. Iliandika vipande, pamoja na idadi ya vipande vinavyounda sekunde moja. Kipimo cha kawaida cha filamu nzima kilikuwa 600. Namba hii haikuokotwa barabarani. Sinema huenda kwa fremu 24 kwa sekunde: 600 gawanya kwa 24 ni 25. Runinga ya PAL, tuliyoitumia Kenya na iliyotumiwa Zanzibar ilipoanza runinga ya rangi mwaka wa 1973, huenda kwa fremu 25: unapata 24. Video ya fremu 30 inapata 20. Yote bila baki.

Tatizo lilikuwa runinga ya Marekani. Ilianza na fremu 30 kwa sekunde, lakini rangi zilipoidhinishwa mwaka wa 1953, wahandisi walihofia ishara ya rangi na ile ya sauti zingegongana na kuchafua picha kwenye runinga za zamani. Wakaipunguza kasi kidogo, ikawa 30000 gawanya kwa 1001, yaani takriban 29.97. Kwa kipimo cha 600, fremu moja inakuwa vipande 20.02, na desimali hiyo haina pa kukaa. Ukiifanya 20 tu, kila saa moja ya video picha na sauti zitaachana kwa sekunde 3.6. Mtu anafungua mdomo, maneno yanakuja baadaye.

Dawa ilikuwa ndani ya mpangilio wenyewe: kila mkondo una kipimo chake, kwenye atomu ya 'mdhd'. Video ya Marekani inaweka 30000, na kila fremu inachukua vipande 1001. Sauti inaweka 44100 au 48000. Ndiyo maana utakuta muda umeandikwa mara mbili. Ule wa 'tkhd' unahesabiwa kwa kipimo cha filamu nzima kilichoko kwenye 'mvhd', ule wa 'mdhd' kwa kipimo cha mkondo. Ukichanganya kipimo cha huku na muda wa kule, video ya dakika tano itakuwa ya sekunde sita.

Na fremu kwa sekunde je? Hapa wengi hushangaa: hakuna sehemu kama hiyo. Tafuta kote, hutaiona. Kuna jedwali liitwalo 'stts' linalosema fremu ngapi zilidumu vipande vingapi. Wewe ndiye unayegawanya. Jibu lake laweza kubadilika katikati ya video, maana simu nyingi hupunguza kasi zikiwa gizani ili kila fremu ipate mwanga wa kutosha.

Video ya mwaka wa 1904

Umewahi kuona programu ikidai video fulani ilipigwa tarehe 1 Januari 1904? Mwaka huo Nairobi ilikuwa kambi ya reli yenye umri wa miaka mitano. Macintosh ilihesabu sekunde kuanzia siku hiyo. Mwaka wa 1900 haukuwa mwaka mrefu, 1904 ulikuwa, na kuanzia hapo kanuni ya kila miaka minne inafanya kazi bila kukatizwa hadi 2100, hivyo hesabu ikawa rahisi. QuickTime ikairithi. Kifaa kisichojua tarehe kikiandika sifuri, unapata 1904.

Ili kupata saa ya Unix, inayoanza 1970, toa sekunde 2082844800. Namba za biti 32 zitajaa tarehe 6 Februari 2040, ndiyo sababu kuna toleo la pili la atomu hizi lenye biti 64. Kumbuka pia kwamba kanuni inadai saa ya dunia ya UTC, lakini kamera nyingi huandika saa ya pale zilipo. Kwetu hiyo ni tofauti ya saa tatu. Siku hizi video hupelekwa mahakamani kama ushahidi, na saa tatu zinatosha kumweka mtu mahali ambapo hakuwepo.

Daftari linapopotea

Mafaili ya Macintosh ya zamani yalikuwa na pande mbili: upande wa data na upande wa rasilimali. QuickTime ya kwanza iliweka 'moov' upande wa rasilimali na picha zenyewe upande wa data. Ukilinakili faili kwenda kwenye kompyuta isiyojua pande mbili, daftari linabaki nyuma na unapokea gunia lisilo na maelezo. Kwa hiyo QuickTime ya Windows ilipokuja mwaka wa 1992, watu walilazimika kwanza "kulainisha" faili, yaani kuweka kila kitu upande mmoja.

Pande mbili zimekwisha, shida haikuisha. Kifaa kinaporekodi hakijui fremu zitakuwa ngapi wala kila moja ina ukubwa gani, kwa hiyo wengi huandika 'moov' mwishoni, baada ya mtu kubonyeza kitufe cha kusimamisha. Betri ikikatika kabla ya hapo, 'mdat' inabaki imejaa, 'moov' haipo. Shangazi wote wa harusi wamo mle ndani, wanacheza, lakini hakuna programu ya kawaida itakayowaona. Ile Python ya hapo juu itakuonyesha ugonjwa kwa sekunde moja. Na ukigundua hivyo, usiandike chochote kwenye kadi ile: zipo programu za kukarabati zinazoweza kuazima maelezo kutoka video nyingine nzima ya kamera hiyo hiyo.

Kutoka Macintosh hadi mfukoni

Mwaka wa 1998 ISO ilikubali mpangilio wa QuickTime uwe msingi wa faili la MPEG-4. Matokeo yake ni .mp4, na mpangilio wa jumla ukachapishwa mwaka wa 2004 kama kiwango cha ISO/IEC 14496-12. Zile .3gp tulizopeana kwa Bluetooth na kadi za kumbukumbu, zenye picha ya 176 kwa 144 isiyoonyesha sura vizuri, zilikuwa za ukoo huo huo. Ukifungua moja utakuta 'moov', 'trak' na 'tkhd' zimekaa kwenye nafasi zao.

Ndani ya 'tkhd' kuna pia namba tisa zinazoitwa matriksi. Mwaka wa 1991 ziliwekwa ili mhariri aweze kusogeza, kukuza au kuzungusha mkondo bila kugusa picha zenyewe. Katika mafaili mengi zilikaa tu bila kazi. Kisha ikaja simu. Kihisi cha kamera kimelazwa upande mmoja, mtu anaishika simu wima, na kuzungusha kila fremu ni kupoteza betri. Simu ikaamua kuhifadhi 1920 kwa 1080 kama kihisi kilivyoona, halafu ikaandika kwenye matriksi: zungusha nyuzi 90. Namba nne za maana zinakuwa 0, 1, -1 na 0. Kwenye Android amri inayofanya hivyo ni `setOrientationHint`.

Sasa unaelewa kwa nini video zilizopigwa wima zililala ubavu kwenye tovuti na programu nyingi. Upana walisoma, kimo walisoma, matriksi wakairuka kwa kuwa kwa miaka mingi haikuwa na habari.

Majina yalibadilika, maswali ni yale yale

Mwandishi wa programu wa miaka ya tisini aliita `GetTrackDimensions`, akapewa zile namba za biti 16 na 16. Mwaka wa 2005 Apple walileta QTKit, wakaiweka pembeni mwaka wa 2013. Sehemu ya video ya AVFoundation ilifika kwenye iPhone mwaka wa 2010 na kwenye Mac mwaka wa 2011. QuickTime ya Windows iliachwa mwaka wa 2016, na macOS ya mwaka wa 2019 haikuweza tena kuendesha QuickTime 7. Nje ya Apple, FFmpeg iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka wa 2000 husoma mafaili haya popote pale.

Maktaba zimekufa, atomu zipo. Tazama majina ya AVFoundation: `naturalSize`, `preferredTransform`, `nominalFrameRate`. Ukubwa wa asili, mgeuzo unaopendekezwa, kasi ya jina tu. Kila jina linakuonya kwamba jibu peke yake halitoshi.

Kwa hiyo ukiandika programu yako, fuata mpangilio huu. Tafuta mkondo wenye 'vide'. Soma pikseli kwenye 'stsd'. Zidisha kwa uwiano wa 'pasp' kama upo. Soma matriksi ya 'tkhd', na ikiwa imezungusha nyuzi 90 au 270, badilisha upana na kimo nafasi. Pata muda kwa kugawanya muda wa 'mdhd' kwa kipimo cha 'mdhd' hiyo hiyo. Hesabu kasi ya fremu kutoka 'stts', na uihifadhi kama sehemu, 30000/1001, usiikate kuwa 29.97.

Kisha ijaribu kwa video tatu: moja uliyoipiga ukishika simu wima, moja ya HDV ukibahatika kuipata kwa mpiga picha wa zamani, na .3gp moja iliyosahaulika kwenye kadi ya kumbukumbu. Programu ikizipata zote tatu sawa, mpe mteja wako.